Nataka nyoka mkubwa wa kufuga ila awe ambaye nitammudu mpaka mwisho, nichukue yupi?

KirekaBoy

Wadau habari zenu. Niko Kireka hapa Kampala, nina miaka 27, kazi yangu ni kufunga kamera za usalama kwa hiyo kuna siku narudi usiku wa manane na kuna siku nashinda tu nyumbani. Nyoka nawapenda tangu utoto, wenzangu wakiokota mawe mi ndo nilikuwa naomba wamwache apite, sasa nimefika mahali naona pesa ya kula inabaki kidogo nataka kufuga mmoja, ila sio hawa wembamba kama kamba ya viatu, nataka nyoka ambaye mgeni akiingia sebuleni anasimama mlangoni kwanza.

Kuna jamaa wa upande wa Nakasongola anasema ana mtoto wa chatu, urefu wake kama mkono wangu tu, na bei yake haifiki hata ya simu ya kawaida. Afu nikiingia mtandaoni naona wazungu wana boa (ndugu zake chatu wa kule Amerika), wana chatu wa Burma, wana wale wa manjano, wengine wanalala nao kitanda kimoja. Nimechanganyikiwa kabisa.

Hali yangu ndo hii: nakaa muzigo, chumba na sebule, nyumba ya kupanga. Kwa sasa niko peke yangu lakini nina mchumba na mwakani kuna mambo. Na nisiwafiche, kuna mpango pia wa kwenda kyeyo, yani kibarua cha nje, Dubai viza ikikubali, kama miaka 2 hivi. Mama yuko Tororo na yeye nyoka hata akitokea kwenye TV anatoka nje. Nguvu ninazo, gym naenda. Sasa swali langu sio nyoka gani mzuri, wote wazuri, nauliza yupi nitaweza kuwa naye mpaka afe kwa uzee bila kuja kumtupa kwenye bwawa usiku. Wenye ujuzi nisaidieni, wenye matusi piteni pembeni.

---

busia_boda

Kwa hiyo bibi harusi analetwa nyumbani anakuta shemeji amejikunja kwenye kochi 😂😂 We ndugu mwenye nyumba anajua lakini? Mimi wa kwangu alinifukuza sababu ya paka. Paka bana! Ngoja nivute kiti nisome.

---

DktNyabo

KirekaBoy umeuliza swali ambalo wengi wanauliza wakati nyoka ameshakuwa mita 3 na wamechelewa. Mimi ni daktari wa mifugo, ng'ombe na mbwa ndo wananilipa lakini huku Entebbe nyoka nimewashika sana.

Huyo mtoto wa chatu wa Nakasongola mwache. Wanyama wa porini Uganda ni mali ya umma iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya wanyamapori ya 2019 inataka mtu yeyote anayetaka kukaa na mnyama wa porini awe na haki ya matumizi iliyotolewa na UWA, mamlaka ya wanyamapori, sio barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) iliyogongwa muhuri. Ukikamatwa naye huwezi kusema ulikuwa hujui. Na usidhani wa kutoka nje ndo njia ya mkato, maana chatu wote na boa wote wako kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo lazima kuwe na karatasi za nchi anakotoka na karatasi za huku kwetu, na faili hilo liko wizara ya utalii. Mtu anayekuuzia nyoka asiye na karatasi anakuuzia kesi.

Sasa tuje kwa nyoka wenyewe. Usichague mtoto, chagua mzee. Yani huyo wa urefu wa mkono usimwangalie kabisa, angalia picha ya jike la miaka 10 la aina hiyo hiyo afu ujiulize kama huyo ndo unamtaka sebuleni.

Chatu wetu huyu wa Afrika mkubwa wake ni mita 3 mpaka 5 na wapo wanaopita hapo. Anatoka kwenye yai akiwa kama nusu mita, ukimlisha vizuri baada ya miaka michache tu ameshakupita urefu wewe. Na ana hasira, sio wote lakini wengi, hata waliozaliwa kwenye vizimba. Chatu wa Burma ni mtulivu zaidi na ndo maana anawadanganya watu, jike anafika mita 4 na zaidi na uzito wake ni wa mtu mzima, na kuna mmoja Marekani alipita kilo 180. Yule mrefu wa Asia ya Kusini-Mashariki hata tusimjadili, rekodi ya dunia ya nyoka mrefu anayefugwa ni wake, wa Kansas City Marekani, walimpima 2011 akatoka mita 7.67 na kilo karibu 159. Anakonda yeye nusu ya maisha yuko majini, sasa hilo bwawa utalijenga juu ya zulia?

Wanaobaki kwa mtu wa muzigo ni wawili. Boa, dume lake linaishia kama mita 2 na kidogo, jike mpaka 3. Na yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye akiogopa anajiviringisha kichwa kinabaki katikati, huyo anaishia mita moja na nusu, tena watu hawajui lakini hata hapa Uganda yupo, kule West Nile kaskazini magharibi. Ila na yeye wa porini ni yale yale, karatasi.

Na umri ndo kitu kinawashinda watu hata kuliko urefu. Boa anaishi miaka 20 mpaka 30. Huyo chatu mdogo ndo usiseme, kwenye zoo ya Saint Louis Marekani kuna jike alitaga mayai 2020 akiwa anakadiriwa miaka 62, na alifika pale mwaka 1961. Piga hesabu wewe utakuwa wapi.

---

KirekaBoy

Dada daktari asante sana, hapo kwa sheria sikuwa najua kama hata wa nje wanahitaji karatasi zote hizo. Lakini niulize, huyo jamaa anasema chatu ukimlea tangu mdogo anakuzoea, anajua harufu yako, anakuwa kama mbwa. Hiyo ni uongo? Na kuhusu nguvu mi mbona kilo 50 nazinyanyua bila shida.

---

afande_Arua

Kijana wangu, nimestaafu jeshi nimerudi Arua na huku kwetu chini mtoni upande wa Pakwach chatu sio hadithi. Nikueleze hiyo ya kilo 50. Chuma cha gym kinakaa pale ulipokishika. Chatu ni mnyama ambaye mwili wote ni mkono. Ukimshika kichwa, mkia wake unatafuta mguu wako, ukiutoa mkia kwenye mguu katikati pameshafika kiunoni, na yeye hana haraka, kila ukitoa pumzi anakaza kidogo. Vijana tuliokuwa nao kambini walimtoa mmoja kwenye shimo la choo kilichokuwa kinachimbwa, sio mkubwa sana, ilibidi mmoja ashike kichwa na mwingine aanze kumfungua kwa mkia, maana kwa kichwa huwezi kumfungua, na wa tatu yuko pale tu kwa ajili ya wale wawili. Wanaume wenye nguvu wote hao.

Na watu wanadhani chatu anavunja mifupa. Hapana, anazuia damu isizunguke, mnyama anazimia haraka kuliko angekosa pumzi tu.

Wafugaji wenyewe wana kanuni, kila mita moja na nusu ya nyoka awepo mtu mzima mmoja, na akishapita mita 2 na nusu usimfungulie kizimba ukiwa peke yako. Sasa wewe unaishi peke yako. Mwenzio wa pili ni nani, mwenye nyumba?

Hiyo ya kuwa kama mbwa ni uongo. Nyoka anazoea kushikwa, hilo kweli, anaacha kuogopa. Lakini hakupendi na siku pua yake ikisema chakula, wewe na sungura ni kitu kimoja. 2013 kule Canada, mji unaitwa Campbellton, chatu huyu huyu wa kwetu wa Afrika alitoka kwenye kizimba kilichokuwa kwenye nyumba ya juu ya duka la wanyama, akapita kwenye bomba la hewa akaangukia chumba walicholala watoto wawili ndugu, wa miaka 4 na wa miaka 6, wote wakafa. Nyoka mwenyewe hata hakuwa wa kutisha kwa ukubwa, kama mita 4 na kilo zake ni za mtoto wa shule. Wewe unasema mwakani kuna mambo. Mambo yana watoto, mwanangu.

---

busia_boda

Mzee hapo kwenye bomba la hewa umeniharibia usingizi na mimi hata sina nyoka

---

Mganda_Leicester

Hamjambo wote, mzee shikamoo. Mimi niko Uingereza, nimefuga boa dume tangu nikiwa mwanafunzi na bado ninaye, kwa hiyo ngoja niseme mambo ya kila siku maana naona hapo bado.

Dume langu ni mita 2 na kitu kidogo. Kizimba chake kina urefu kama wake na upana karibu mita 1, yani sebule yangu upande mmoja wote ni yeye, kochi limesukumwa dirishani. Mlango una kufuli, na sio kufuli la mapambo, nyoka anasukuma kila kona kwa pua usiku kucha mpaka ajue ipi inalegea. Upande mmoja kuna joto nyuzi 31 au 32, upande wa pili 25 au 26 ili achague mwenyewe, na hita inapita kwenye themostati, kile kifaa kinachoizima joto likizidi, bila themostati nyoka anaungua tumbo na hatoki hapo kwenye joto, anaendelea kulala pale pale anaungua.

KirekaBoy usiseme Uganda kuna joto. Kampala iko juu, usiku inashuka mpaka 17 au 18, na nyoka wa hivi akikaa kwenye baridi wiki nzima chakula kinaoza tumboni na mapafu yanashika kamasi, utamsikia anapumua kama anapiga mluzi, mdomo wazi. Umeme ukikatika saa chache sio tatizo, ukikatika siku 2 ni tatizo. Kwa hiyo kwa huko nyumbani mi nisingefanya kizimba cha kioo hata kidogo, kioo kinapoteza joto pande zote, piga kwa plaiwudi nene, mbele tu ndo uweke kioo, na betri ya sola ya kubeba hita ndogo.

Chakula. Huku nanunua panya wakubwa waliogandishwa, nayeyusha, nampa mmoja kila baada ya wiki 3 au 4, kwa koleo ndefu. Huko sidhani utapata panya wa friza dukani, kwa hiyo ujue unafuga nyoka NA unafuga panya au sungura, vizimba viwili vya ziada, harufu yake, na wewe ndo unaua. Usimpe panya mzima aliye hai, panya anang'ata, nimeona boa wa watu ana kovu jicho zima. Kama huwezi kuua sungura kwa mkono wako bila kumtesa basi swali lako limeshajibiwa.

Na hili ndo naomba mlione maana video hazionyeshi. Nikifungua mlango kabla sijamshika kwa mkono namgusa shingoni na fimbo ya ndoano, kidogo tu. Hiyo ndo lugha yetu, ndoano maana yake leo hakuna chakula. Kuna jioni nimetoka kuandaa panya wa kesho nikapita tu karibu na kioo, yeye alikuwa amelala kidevu juu ya gogo, ulimi ukatoka mara moja, ukatoka mara ya pili taratibu, afu shingo ikarudi nyuma ikajipinda kama herufi S na macho hayakuhama kwenye mkono wangu. Hana hasira na mimi hata kidogo, amesikia harufu tu. Nikaenda kunawa. Kwa boa wa mita 2 ukisahau kunawa unapata mashimo ya meno na damu kiasi, meno yamepinda kwa ndani kwa hiyo usivute mkono, unasubiri au unamwagia maji baridi mdomoni. Kwa chatu wa mita 4 ukisahau kunawa ni yale ya mzee hapo juu.

Ila daktari kwa heshima zote, huyo chatu mdogo wa Afrika Magharibi usimpe mtu anayetaka nyoka mkubwa. Ni mpole sana kweli, lakini anashinda kwenye sanduku lake mafichoni, na anaweza kugoma kula miezi bila sababu, mtu mgeni anachanganyikiwa. Jamaa atamchoka afu ataenda kumtafuta wa Nakasongola.

---

DktNyabo

@Mganda_Leicester sikatai anagoma kula, ndo maarufu kwa hilo, lakini nyoka anayegoma kula mwenye kilo 2 ni tatizo la nyoka, nyoka wa kilo 40 aliyekosa wa kumshika ni tatizo la mtaa mzima. Mi nachagua shida ninayoweza kuibeba kwenye begi nikaenda nayo kliniki. Na hapo sijasema habari ya madaktari wenyewe, hapa nchini wanaojua kutibu nyoka ni wachache, na chatu mkubwa mwenye utitiri kwenye vile vishimo vya midomo inabidi ashikwe na watu huku mtu mwingine anasafisha kishimo kimoja kimoja, ukiwa peke yako hufanyi.

Tukubaliane kwa boa dume basi. Lakini KirekaBoy kwa hali yako naona kikwazo sio kizimba wala sungura. Ni Dubai. Nyoka huwezi kumpeleka Tororo na gunia la chakula. Miaka 2 ni ya kumwachia mtu anayejua kuua panya, kusoma themostati, na ambaye jina lake liko kwenye kibali. Una mtu kama huyo?

---

KirekaBoy

Sina. Mchumba nimemuuliza jana amecheka kwanza afu akanyamaza, nikajua jibu.

Kwa kweli nilikuwa nawaza kama mambo ya Dubai yakikubali nitamweka kwa rafiki yangu Namuwongo lakini na yeye anahama hama. Na hiyo ya kuua sungura sijawahi hata kuifikiria nilidhani unatupia tu ndani.

Sasa mnasemaje, nisubiri mpaka lini? Maana mkisema nisubiri mpaka niwe na nyumba yangu hiyo ni 2040 😅

---

afande_Arua

Nyumba yako sio lazima, ila mkataba wenye maandishi kwamba mwenye nyumba anajua kuna nyoka ndani ni lazima, na majirani wajue pia. Siku akitoka, hao ndo watamwona kwanza, na mtu wa kwetu akiona nyoka hajiulizi ni boa au ni swila, anatafuta panga. Kuua nyoka wako kwao ni wema.

Na usije ukafanya ile ya kwenda kumwachia kwenye kinamasi. Kule Florida wale wa Burma walioachiwa na kutoroka wamezaana mpaka sungura wa porini na rakuni wamekaribia kuisha kwenye maeneo mengine ya vinamasi vya Everglades, na serikali inalipa watu wawawinde. Sisi tuna vinamasi kila mahali.

---

DktNyabo

Subiri Dubai ikubali au ikatae, basi. Ikikataa, hapo anza faili, na faili lenyewe sio la wiki moja kwa hiyo hutakaa bure.

Katikati ya hapo njoo Entebbe, hata Jumapili moja moja. Kuna UWEC, kituo cha elimu ya wanyamapori, ile ya zamani watu wanaita zuu, ilianza miaka ya 50 kama nyumba ya wanyama yatima na mpaka leo wanaletewa walionyang'anywa watu, na kuna Reptile Village, bustani ya nyoka na reptilia wengine, barabara hiyo hiyo ya Entebbe. Nenda uulize kama wanapokea wa kujitolea, na usiombe kumshika nyoka, omba kusafisha. Mkojo wa chatu mkubwa unatoka na vipande vyeupe kama chaki na harufu yake inakaa kwenye nguo, kama baada ya mwezi bado unataka basi unataka kweli.

---

KirekaBoy

Sawa dada daktari nitakuja. Swali la mwisho, mmesema boa DUME, sasa nikipata mwenye karatasi nitajuaje ni dume? Muuzaji si anaweza kusema chochote.

---

Mganda_Leicester

Atasema chochote ndio. Mgeuze uangalie karibu na tundu la nyuma, pande zote mbili kuna kucha ndogo kama mwiba, ni mabaki ya miguu. Kwa dume ni kubwa na zimepinda, kwa jike ndogo wakati mwingine hazionekani. Lakini kwa mtoto usitegemee hizo peke yake.

---

DktNyabo

Kwa mtoto kuna kijiti maalum cha chuma chenye ncha ya mviringo kinaingizwa pale nyuma kuelekea mkiani, kwa dume kinaingia ndani sana, kwa jike kinagota mapema. Usijaribu mwenyewe na sindano ya kushonea, nimeshaletewa mmoja amefanyiwa hivyo. Mlete, afu na karatasi ya jinsia ije kwenye faili moja na kibali.